Slamu kwa timu: nani aanze, nani afunge?

Swali
Habari zenu wakuu. Tuko wanne, tunaingia slamu ya timu, yaani mashindano ya kughani mashairi jukwaani, kwa mara ya kwanza. Raundi ni nne, kila raundi timu inatoa shairi moja. Mwenzetu ana shairi zito la kumuuguza mama yake, anataka afungue nalo ili tuwamalize wapinzani mapema. Mimi nasita. Mliowahi kushindana mnashaurije?

Jibu la 1
Mwacheni afungue. Shairi zuri ni zuri popote. Mkianza kupiga hesabu, ushairi wenyewe mtauua.

Jibu la 2
Mkuu hapo juu, sikubaliani nawe. Majaji watano wanaokotwa humo humo ukumbini, wala si wahakiki. Kila mmoja anatoa alama 0 hadi 10, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, tatu zilizobaki zinajumlishwa. Mwanzoni watu hawa mikono yao ni mizito. Ukumbi ukishachangamka, alama zinapanda zenyewe, hata kwa mashairi ya kawaida. Ndiyo maana hutangulizwa mshairi asiyeshindana, majaji wamjaribie kalamu. Marc Smith, fundi ujenzi wa Chicago aliyeanzisha slamu mwaka 1986, alitaka msikilizaji wa kawaida awe na kauli. Kumsoma msikilizaji huyo ni sehemu ya kazi yetu.

Kwa hiyo fungueni na shairi imara, lakini si hilo. Tena msifunge orodha nyumbani. Timu iliyotangulia ikiliza watu, ninyi mkapanda na kilio kingine, ukumbi umeshachoka. Sisi hukaa pamoja pembeni na kuamua shairi linalofuata wakati wenzetu wanaghani.

Muda nao: dakika 3, nyongeza ya msamaha sekunde 10, kisha mnakatwa nusu alama kwa kila sekunde 10. Watu wakipiga makofi katikati, saa haisimami. Fanyeni mazoezi hadi shairi liishe kwenye dakika 2 na sekunde 40.

Kuhusu ndugu yenu, mkae naye kabla ya siku hiyo. Mwulizeni: jaji akiinua 6 kwa shairi la mama yako, utaweza kurudi jukwaani? Akisita, liacheni. Akisema ndiyo, liende raundi ya tatu au ya nne, na akishuka awakute wote watatu mmesimama, kabla alama hazijainuliwa. Hili kwangu ni kubwa kuliko ushindi.

Muulizaji
Asante sana, nitakaa naye. Je, shairi la pamoja la sauti nne tuliweke?

Jibu la 2
Liwekeni iwapo pumzi zenu zimekubaliana. Maneno mtayashika haraka. Kinachoharibu ni mmoja kuvuta pumzi mapema, neno la wote likatoka vipande vipande. Chukueni penseli, kila nakala iwekwe alama pale pa kuvuta pumzi, kisha lighanini mkiwa mmepeana migongo. Mkiingia pamoja bila kutazamana, liko tayari. Na wote wanne msiseme kila mstari: sauti nne zihifadhiwe kwa maneno machache yanayostahili.