Mjadala: Mozart alizaliwa vile, au alitengenezwa nyumbani?

Wakuu, kuna mwenzetu jana kaandika kuwa Mozart, yule mtunzi maarufu wa muziki wa Ulaya ya zamani, alizaliwa na muziki kichwani, kwa hiyo mzazi anayempeleka mtoto kujifunza kinanda wakati hajaonyesha kipaji anatupa hela. Mimi nafundisha watoto kinanda kwenye kwaya ya kanisani, hiyo kauli siwezi kuiacha ipite hivi hivi.

Kwanza angalieni nyumba aliyozaliwa, Salzburg (mji ulioko Austria ya leo), Januari 1756. Baba yake Leopold alikuwa mpiga fidla na mtunzi kwa Askofu Mkuu, na mwaka huohuo ndio katoa kitabu chake cha kufundishia fidla. Watoto saba walizaliwa wakapona wawili tu, dada yake Nannerl wa 1751 na huyu Wolfgang, ndiye Mozart wetu, basi mzee nguvu zote akazimalizia kwa hao wawili. Dogo anamwona dada yake anafundishwa, na alipofika miaka minne akaanza kufundishwa kwenye daftari lilelile la nota ambalo baba alimwandalia dada.

Zile tungo zake za miaka mitano zimeandikwa kwa mkono wa baba. Konseto (kazi za piano ikisindikizwa na okestra) nne za 1767, ana miaka 11, ni kazi za watunzi wengine alizozipanga upya, mazoezi ya mwanafunzi kabisa. Konseto namba 9, ambayo wajuzi wengi wanaihesabu kuwa kazi yake kubwa ya kwanza, ni ya 1777, ana miaka 21, hebu hesabuni wenyewe, miaka 17 tangu akae kwenye kinanda! Na katikati hapo kuna ile safari ya 1763 mpaka 1766, Paris, London, Uholanzi, na London ndiko alikomkuta mtunzi Johann Christian Bach akajifunza mengi kwake.

Kipaji alikuwa nacho, sibishi. Leopold aliandika kwenye lile daftari kuwa minueti moja (kipande kifupi cha muziki wa dansi) dogo aliishika kwa nusu saa, kesho yake ndio anatimiza miaka mitano. Wanafunzi wangu wa umri huo nusu saa hatujamaliza mkono wa kulia.

Sasa najua mtu ataniuliza, mbona Nannerl alifundishwa na baba huyohuyo na hakuwa Mozart? Jamani hapa ndipo roho inaniuma. Mwaka 1764 Leopold mwenyewe aliandika kwenye barua kuwa binti yake, miaka 12 tu, ni miongoni mwa wapigaji hodari kabisa wa Ulaya. Wamezunguka wote, wamepiga wote mbele ya wafalme. Desemba 1769 baba akamchukua Wolfgang kwenda Italia, Nannerl ana miaka 18 akaachwa nyumbani na mama. Na alikuwa anatunga, maana mwaka uliofuata mdogo wake alimwandikia kumsifia wimbo aliomtumia, ila hakuna hata kazi yake moja iliyobaki leo. Mmoja kapelekwa kusikiliza opera za Italia na kukutana na walimu wa huko, mwingine kabaki Salzburg kufundisha watoto wa watu kinanda, halafu sisi tunakuja kusema tofauti yao ni kipaji.

Anayesema ni kuzaliwa tu anijibu hili kwanza: hilo daftari lilikuwa la Nannerl, yeye alipungukiwa nini?