MREJESHO: Kuwapeleka watoto kuvua kwa ndoano Igombe
Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza nianzeje kuwapeleka wanangu ziwani kuvua kwa ndoano, asanteni sana aisee. Jumamosi tulienda Igombe, kule Mwanza kando ya Ziwa Victoria, tukafata ule ushauri mlionipa wa kuingia majini alfajiri na kurudi kabla upepo haujachafua ziwa, na kila mtu alivaa boya, hapo sikutaka mchezo kabisa. Minyoo imefanya kazi, sato wanne na gogogo mmoja (samaki mwenye miiba na sharubu), watoto walipiga kelele mpaka basi! Kwa sangara ndo hakikueleweka, furu hai (visamaki vidogo vya ziwani) wa chambo tulikosa tukatumia dagaa, tukapata kamoja tu hakafiki sentimita 50 tukakarudisha majini maana sheria hairuhusi. Halafu barafu bebeni nyingi, yangu saa nne ilishayeyuka yote.