Naomba ushauri: rangi za kwenye jedwali la takwimu

Wakuu, habari za leo. Niko hapa Dodoma, namalizia ripoti ya wakulima wa alizeti na mtama wa Kongwa na Chamwino. Kuna jedwali la uhusiano wa vipengele 8 (mbolea, umbali wa soko, mavuno na vinginevyo), yaani jozi 28. Msimamizi anataka kila kisanduku chenye thamani ya p (uwezekano wa kupata uhusiano wa nguvu hiyo au zaidi kwa bahati tu, kama kwa kweli haupo) chini ya 0.05 kipakwe rangi.

Excel inapaka yenyewe ukishaiwekea sharti, hapo sina shida. Ila angalieni, kisanduku kitupu inakihesabu kama sifuri, nacho kinapakwa! Inabidi uongeze sharti la kuviruka.

Tatizo ni rangi zenyewe. Msimamizi anapenda kijani kwa uhusiano chanya, nyekundu kwa hasi. Kwenye skrini panapendeza, lakini ofisini tunachapa nyeusi na nyeupe, zote zinatoka kijivu kilekile. Halafu kuna wenzetu macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili. Niende na bluu na chungwa, au rangi moja hafifu na tarakimu zikolezwe?

La pili: kwa jozi 28, hata kama hakuna uhusiano wowote, moja au mbili zinaweza kupata rangi kwa bahati tu. Je, nishushe kiwango hadi 0.05 gawanya kwa 28, kama 0.0018 hivi? Naogopa jedwali litabaki jeupe, bosi anune.

Mliowahi kupeleka majedwali ya namna hii, mlifanyaje?