Flexner aliuokoa udaktari wa Marekani, au aliwafungia watu mlango?

Mleta mada:
Wakuu, tubishane kidogo. Ripoti ya Abraham Flexner ilitoka 1910. Huyu alikuwa mwalimu wa sekondari wa Louisville, Kentucky, udaktari hakuusomea hata siku moja, lakini taasisi ya Carnegie ilimtuma akague vyuo vyote 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vingi vilikuwa biashara tu: walimu wanagawana karo, na mwenye hela hakosi nafasi. Mwenyewe alisimulia kwamba kwenye chuo kimoja cha mji wa Des Moines alikuta milango imeandikwa anatomia, fiziolojia, patholojia, yote imefungwa. Akaaga, akarudi kimyakimya, akampa mfagizi dola 5 amfungulie. Ndani hamna kitu zaidi ya meza, ubao na viti. Hata mimi ningekifunga.

Mchangiaji wa kwanza:
Hilo la Des Moines sina ubishi nalo. Ila soma sura ya 14 ya ripoti hiyo. Vyuo vya watu weusi vilikuwa 7, akasema viwili tu ndivyo viendelezwe, Howard na Meharry. Kufikia 1923 vile 5 havipo. Na sababu mojawapo ya kutaka madaktari weusi wafundishwe vizuri? Eti Mweusi mwenye safura au kifua kikuu atamwambukiza jirani yake Mzungu! Chuo cha Leonard, kimoja kati ya hivyo, pale Raleigh, kilifungwa 1918. Kijana mweusi wa North Carolina akasomee wapi, wakati vyuo vya Wazungu kule Kusini havimpokei?

Mchangiaji wa pili:
Tusimtwishe mtu mmoja mzigo wote. Chama cha madaktari kilishaanza kuvikagua vyuo 1906, na vingine vilikuwa vinakufa kabla Flexner hajapanda treni. Kilichoviua ni gharama. Maabara na walimu wa kudumu hulipii kwa karo.

Mleta mada:
Hapo kwenye gharama ndipo mmenibana. Mwaka 1913 bodi ya elimu ya tajiri Rockefeller, ambako Flexner mwenyewe alikuwa kaajiriwa, iliwapa Johns Hopkins dola milioni 1.5 waajiri maprofesa wa kudumu. Hopkins, chuo ambacho ripoti ilikitaja kama mfano wa kuigwa! Basi narekebisha msimamo: Des Moines nafunga hata kesho, Leonard sifungi mpaka kwanza nao wapewe fungu. Anayeona Leonard ilistahili kufa aje na hoja.