Je, mwenye yoti ana haki ya kuficha iliko?

Ndugu wanamjadala,

Wapo wanaodai kwamba kutangaza hadharani mahali ilipo yoti kubwa ya starehe, pamoja na vipimo vyake, ni kumwingilia mwenye nayo, kwa kuwa hakuna anayekubali nyumba yake ichunguliwe usiku na mchana. Hoja hiyo naiheshimu lakini siikubali, kwani nyumba imesimama katika kiwanja cha mwenyewe, ilhali yoti inapita katika maji ya watu wote.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unazitaka meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa ziwe na mtambo wa AIS, ambao hutangaza kwa redio jina la chombo, urefu wake, mahali kilipo, mwendo na uelekeo, ili aliye jirani asigongane nacho gizani. Nahodha anaruhusiwa kuuzima anapoamini kwamba unahatarisha usalama, kwa mfano penye maharamia. Kinga ya hatari ya kweli, basi, ipo tayari. Kinachoombwa sasa ni kinga ya kutotazamwa tu.

Mwezi Oktoba 2022 yoti Nord, yenye urefu wa takribani mita 142 na inayohusishwa na Alexey Mordashov, tajiri wa Urusi aliyewekewa vikwazo na Umoja wa Ulaya, iliondoka Hong Kong ikitaja Cape Town kuwa ndiko iendako. (Bandari iendako huandikwa na mabaharia wenyewe, kwa hiyo haiaminiki sawa na mahali chombo kilipo.) Meya wa Cape Town aliitaka serikali iizuie, nayo ofisi ya rais ikajibu kwamba Afrika Kusini haikuwa na wajibu wa kisheria wa kufanya hivyo. Uwe upande wowote, wananchi waliweza kubishana kuhusu jambo hilo mapema, chombo kikiwa bado mbali.

Kuhusu vipimo nina uchungu zaidi. Bayesian, yoti ya matanga ya mita 56, ilizama alfajiri ya tarehe 19 Agosti 2024 ikiwa imetia nanga karibu na Porticello, Sicily, na watu 7 kati ya 22 wakafa. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa Uingereza, iliyotoka Mei 2025, ilieleza kwamba, kwa hali iliyokuwa nayo usiku ule, upepo wa ubavuni unaozidi kilomita 117 kwa saa ungeweza kuipindua, na kwamba udhaifu huo haukuwamo katika kitabu cha uthabiti, yaani cha uwezo wa chombo kubaki wima, kilichokuwa chomboni, hivyo mabaharia hawakuujua.

Orodha ya abiria ibaki siri, hilo nakubali kabisa. Lakini mahali chombo kilipo pabaki wazi, na vipimo vya uthabiti wake viwafikie mabaharia, wakaguzi na waokoaji. Anayepinga atueleze ni madhara gani ya kweli ambayo kibali cha nahodha cha kuzima mtambo hakiyazuii.