Honi ya Beetle ya 1969 inalia inapotaka, na ukaguzi ni wiki ijayo

Kobe69
Wakuu, naomba msaada wa haraka. Gari ni Volkswagen Beetle ya 1969, umeme wa volti 12, honi moja ya asili chini ya madigadi ya mbele kushoto. Mara inalia vizuri, mara inakoroma kwa sauti nyembamba, mara kimya kabisa. Nikikata usukani hadi mwisho upande wa kulia, mara nyingi inarudi. Fyuzi ni nzima na nimesafisha ncha zake. Betri inasoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa.

Honi mpya ninayo, lakini natamani kuokoa hii ya asili. Nianze na honi yenyewe, swichi ya usukani au nyaya? Na ile skrubu ndogo ya nyuma ni ya nini?

FundiWaya
Mkuu, weka honi mpya pembeni na skrubu usiiguse bado. Honi inayorudi usukani ukikatwa inakwambia tatizo halimo ndani yake.

Elewa kwanza njia ya umeme. Katika Beetle, umeme chanya unafika kwenye honi moja kwa moja swichi ya kuwashia ikiwa imewashwa. Kitufe cha usukani hakipeleki umeme, kinafunga njia ya ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha bodi na upande hasi wa betri. Kwa hiyo waya wa pili wa honi, kwa kawaida wa kahawia, unakwenda kwenye usukani, na ethi yake inashuka hadi boksi ya usukani, kisha bodi. Katikati kuna kapilingi ya mpira, yaani kiungo kinachounganisha mhimili wa usukani na boksi yake, na mpira haupitishi umeme. Ndiyo maana kiwandani waliweka kipande kifupi cha waya kinachoivuka. Kikikatika au kikishika kutu, honi inabaki kutegemea vyuma vinavyogusana kwa bahati.

Jaribio la kwanza: washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wa kahawia kwenye honi, kisha unganisha ncha hiyo ya honi na chuma kisafi cha bodi kwa kipande cha waya. Ikilia kwa nguvu na bila kuyumba, honi na upande wa chanya ni vizima.

La pili ni kupima volti zinazopotea njiani, na hapa wengi wanadanganywa na multimita. Honi ikilia, pointi zake za ndani zinakata na kuunga umeme mamia ya mara kwa sekunde, kwa hiyo namba inayumba. Toa honi, weka mahali pake balbu ya taa kubwa ya wati 55. Hiyo inavuta karibu ampea 4.6, mzigo unaokaribiana na wa honi, na haichezi. Mtu abonyeze kitufe, wewe upime sehemu tatu:
- kati ya nguzo chanya ya betri na waya wa chanya wa honi
- kati ya waya wa kahawia na nguzo hasi ya betri
- kati ya vyuma vya pande mbili za kapilingi

Kila upande usipoteze zaidi ya nusu volti. Tafadhali usipime kwa omu (ukinzani wa waya) peke yake: waya uliobaki na uzi mmoja utasoma karibu sifuri, halafu utashindwa ukipewa ampea 4.

Kiwambo
Nijibu la skrubu. Ndani ya honi kuna koili inayovuta kiwambo cha chuma, na kiwambo kikivutwa kinafungua pointi, koili inakufa, kiwambo kinarudi, pointi zinafunga tena. Skrubu inapanga ni wakati gani pointi zinafunguka. Zikichelewa, honi inavuta umeme mwingi na kukoroma. Zisipofunguka kabisa utasikia "tak" moja tu, na koili inachemka. Katika hali hiyo usibonyeze zaidi ya sekunde moja mbili.

Ukilazimika kuirekebisha, weka alama ya rangi ilipo sasa, izungushe moja ya nane ya mzunguko, sikiliza, ndipo uendelee. Ukizidi nusu mzunguko bila mabadiliko, irudishe kwenye alama: tatizo ni kutu au pointi zilizoungua.

Honi zilizofungwa kwa ripiti zinafunguka. Toboa ripiti, safisha pointi kwa msasa laini wa namba 600, futa vumbi lote, funga kwa bolti za milimita 4. Gasketi ya kati itunze kama yai! Unene wake ndio unaoweka nafasi kati ya koili na kiwambo. Ukiweka karatasi nene zaidi honi inapoteza sauti, ukiweka nyembamba kiwambo kinagonga.

Relei30
Mimi ningeweka relei tu, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Waya wa milimita mraba 2.5 kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15 hadi pini namba 30 ya relei, namba 87 iende honi, ncha ya pili ya honi ifungwe bodi. Namba 86 ipate chanya ya swichi, 85 iende kwenye waya wa usukani. Kitufe kitabeba sehemu ndogo tu ya ampea badala ya 4 au 5, na pointi zake hazitaungua tena kwa cheche.

FundiWaya
Relei ni nzuri, nami naiunga mkono kwa honi mbili. Ila isiwekwe kabla ya kutengeneza ethi. Relei inakubali kushika hata njia ikiwa mbovu, kwa hiyo inaficha ugonjwa hadi siku waya unapokatika kabisa. Na kwa gari la volti 6, ipatikane relei ya volti 6; ya 12 huenda isishike.

Kobe69
Nimepima kwa balbu ya wati 55. Upande wa chanya unapoteza 0.4. Upande wa kahawia 3.8, na kati ya hizo 3.3 ziko kwenye kapilingi peke yake. Nikikata usukani kulia inashuka hadi 0.9. Honi ikifungwa moja kwa moja bodi inalia safi.

FundiWaya
Basi umeshaupata. Waya wa kapilingi umekatika ndani ya ganda, nyuzi zinagusana usukani ukipinda.

Chomoa betri. Tengeneza waya mpya wa nyuzi nyingi, milimita mraba 1.5, na terminali za pete zilizobanwa vizuri. Usiweke lehemu: waya unakuwa mgumu mahali pa lehemu na kukatika hapo hapo. Urefu uwe wa kuvuka tu, kwa sababu unazunguka pamoja na kapilingi na kitanzi kirefu kinaweza kunasa. Kwangua rangi na kutu chini ya pete hadi chuma king'ae. Hizo ni bolti za usukani, kwa hiyo vibati au nati za kufungia ziwe mpya, na zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari. Mpira ukiwa na nyufa, badilisha kapilingi nzima sasa hivi. Mkaguzi ataitazama hata kama honi inalia.

Halafu pima tena. Ile nusu volti inayobaki nje ya kapilingi iko kwenye kitufe au pale boksi ya usukani inapokaa. Fungua kifuniko cha kitufe, safisha pointi, usizipake grisi.

Kiwambo
Nyongeza ya siku ya ukaguzi. Kwa kawaida wanataka mlio mmoja usiobadilika kadiri unavyobonyeza, si muziki wala king'ora. Jaribu usukani ukiwa katikati, kulia na kushoto, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inanguruma. Na angalia kibati kinachoshikilia honi: kinatakiwa kuwa chembamba chenye kunesa, na honi isiguse madigadi popote. Ikigusa, sauti inafifia hata kama umeme wote umefika.