Mjadala: Je, ubia na mwekezaji una maana iwapo wakazi hawashiki ardhi?

Miradi ya kuendeleza mitaa ya watu wa kipato cha chini siku hizi hutangazwa kwa jina la ubia. Hoja yangu ni kwamba ubia ambao wakazi hawashiki ardhi wala kura ya kukataa ni kuombwa maoni tu, hata mkataba wake uandikwe vizuri namna gani.

Wanaotetea mikataba ya manufaa kwa jamii hutaja mradi uliozunguka ukumbi wa Staples Center, Los Angeles, ambako mwaka 2001 mwekezaji alikubaliana na muungano wa vyama vya wakazi na wafanyakazi kwamba asilimia 20 ya nyumba ziwe za bei nafuu na lengo liwe asilimia 70 ya ajira kulipa mshahara wa kujikimu. Hayo si madogo. Lakini masharti kama hayo hupatikana wakati mwekezaji bado anatafuta kibali. Kibali kikishatoka, kinachobaki ni kufuatilia utekelezaji, kazi inayodai wanasheria na fedha ambazo vyama vidogo havina, huku kodi za nyumba za jirani, zisizotajwa popote katika mkataba, zikipanda.

Mfano wa Dudley Street, katika eneo la Roxbury, Boston, nauona mzito zaidi. Nyumba nyingi zilikuwa zimeteketezwa, viwanja vikabaki mahame, na watu wa nje wakavigeuza jaa la taka. Wafadhili walipoleta mpango katikati ya miaka ya 1980, wakazi walitaka kwanza kujua nani ataketi kwenye bodi. Wakaukataa muundo uliowapa viti vichache, na bodi ikaundwa upya wakazi wakiwa wengi. Mwaka 1988 chama chao kikapewa na mamlaka ya jiji uwezo wa kutwaa viwanja vilivyotelekezwa kwa kulipa fidia, uwezo ambao kwa kawaida ni wa serikali. Ardhi ikawa mali ya jamii: mwenye nyumba anamiliki nyumba, ardhi anaikodi kwa mkataba wa muda mrefu, na bei ya kuuza ina kikomo.

Kikomo hicho ndicho pingamizi lisilopuuzwa. Familia zilizonyimwa mikopo kwa sababu ya rangi na mtaa, hali iliyochangia Marekani kutunga sheria ya mwaka 1977 ya kuzitaka benki zihudumie maeneo yote zinakopokea akiba, sasa zinaambiwa zisifaidi kupanda kwa bei kama wengine. Nakubali kwamba ni gharama ya kweli. Hata hivyo, bila kikomo nyumba huwa nafuu kwa mnunuzi wa kwanza tu. Ninachodai ni kwamba kiwango chake kipigiwe kura na wakazi wenyewe, si kupangwa na mfadhili.

Wanaoamini kwamba mkataba unatosha watueleze: mwekezaji akiuuza mradi kabla ya kutimiza ahadi, mkazi atamdai nani?